Shikamoo Iache na Viatu

Jumanne, tarehe kumi na saba Novemba. Mawingu yalitanda tangu alfajiri. Jua lilichungulia mara moja tu, saa ya chai, likarudi zake. Mvua iliyotazamiwa haikunyesha.

Siku hiyo, katika ukumbi wa mazoezi wa chuo cha ualimu, mwanamke mmoja wa makamo aliweka viganja vyake juu ya godoro, akarusha mguu mmoja juu, wa pili ukaufuata, na kwa muda wa kufumba na kufumbua akawa amesimama kichwa chini miguu juu. Kisha akaanguka chali. Kishindo chake kilizitikisa kamba zilizokuwa zimening'inia ukutani.

Hakuumia. Kilichomuuma ni kimya. Muda mfupi tu kabla yake kijana mmoja wa darasa hilohilo alikuwa ameanguka vivyo hivyo, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Mmoja alipiga mluzi, mwingine akamuuliza kama amekipata alichokuwa akikitafuta huko chini. Lakini alipoanguka yeye, hakuna aliyecheka. Vijana walisimama wima kama watu waliofika msibani, wakaanza kusema kwa sauti za chini, mmoja baada ya mwingine:

"Pole, shangazi."

"Pole sana, shangazi."

"Shangazi, usiinuke haraka."

Shangazi ndilo lililokuwa jina lake pale chuoni. Hakuna aliyempa kwa kejeli. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo ndiye aliyebebeshwa michezo, kwa kuwa walimu wenzake waliona michezo ni kupuliza filimbi na kusimama juani. Yeye aliipenda. Ndiyo maana alipopata nafasi ya kwenda kusomea elimu ya michezo ngazi ya juu, aliaga, akamwacha binti yake kwa dada yake mkubwa, akaja kukaa miongoni mwa vijana ambao wengi wao angeweza kuwa amewafundisha kusoma.

Siku ya kwanza alipoingia darasani, darasa zima lilisimama. Walidhani ni mkufunzi. Aliwacheka, akasema, "Kaeni, jamani, mimi ni mwanafunzi kama nyie." Wakakaa. Lakini kuna kitu ndani yao hakikukaa hata siku moja. Walimwamkia asubuhi, mchana na jioni. Walimpisha mlangoni. Walipoazima daftari lake la fiziolojia ya mazoezi walilirudisha kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaondoka. Kwenye benchi la kantini walijisogeza ili akae kwa nafasi, na nafasi waliyomwachia ilikuwa kubwa kiasi cha kutosha watu watatu. Hadithi zao zilikatika akikaribia, zikaanza tena akishapita.

Mshirika wake wa mazoezi alikuwa kijana mrefu, mkimya, aliyeitwa Mlingoti. Hawakuchaguana. Wengine walipokwisha kushikana wawili wawili kwa kelele na kusukumana, waliobaki ni wao: yeye kwa umri wake, Mlingoti kwa urefu wake, maana hakuna aliyetaka kudaka miguu inayotoka juu kiasi kile. Siku ile ya Jumanne ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Kazi ya msaidizi ni kusimama ubavuni, kuweka mkono mmoja kwenye paja la mwenzake na mwingine kwenye muundi, chini ya goti, na kumweka sawa anapotaka kwenda upande. Mlingoti alimshika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Miguu ilipoanza kuyumba, mikono yake ilirudi nyuma yenyewe.

"Nisamehe, shangazi," alisema, macho yakiwa chini.

Mkufunzi wa jimnastiki alitoka ofisini mbio. Naye alikuwa mdogo kwake kiumri. Alimtazama kwa huruma.

"Mama, pumzika kidogo. Na kama unaona vigumu, wewe tumia ukuta."

Ilisemwa kwa wema, na ndiyo iliyokuwa shida. Tangu muhula wa kwanza alikuwa anaambiwa atumie ukuta. Wenzake walijifunza kwa kushikana, kuangushana na kutukanana. Yeye alijifunza kwa kuegemea. Hata chumbani kwake, chumba cha kupanga nyuma ya duka la cherehani, alikuwa amekivuta kitanda katikati ili apate ukuta mtupu. Juu kabisa, penye rangi nyeupe, palikuwa na alama mbili za visigino, nyeusi kwa wingi wa kurudiwa.

Kosa la ukuta alilijua vizuri kuliko yeyote. Angeweza kuliandika kwenye karatasi ya mtihani bila kufuta neno: anayejifunza kwa kuegemeza visigino huzoea kupinda mgongo, kwa sababu ukuta unampokea hata akiwa amepinda; akiondolewa ukuta, uzito wake unampeleka nyuma, anaanguka chali. Misuli inayohusika aliijua yote kwa majina. Mwili wake tu ndio haukuwa umesoma.

Na Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya mtihani wa vitendo. Mtahini angekuja kutoka nje ya chuo. Hakungekuwa na ukuta. Wanafunzi wangeingia wawili wawili, kila mmoja apewe alama mara mbili, kwanza kama msimamaji, kisha kama msaidizi wa mwenzake. Anayeshindwa vitendo anarudia mwaka wote. Mwaka mwingine kwenye kile chumba, mwaka mwingine binti yake analelewa na mama mkubwa.

Jioni hiyo alipita kwa fundi cherehani, mwenye nyumba wake, kupunguziwa suruali ya mazoezi aliyoinunua kwa ajili ya mtihani. Fundi alikuwa mama mnene asiye na muda wa salamu. Alikuwa na pini mdomoni na utepe shingoni.

"Panda hapo. Simama wima. Usinivutie tumbo ndani, mimi si mchumba wako."

Akamshika kiuno kwa mikono miwili, akamgeuza kama anavyogeuza kitambaa mezani, akamvuta, akamsukuma, akambana pini huku na huku. Hakuomba ruhusa. Hakusema samahani. Shangazi alisimama juu ya kistuli cha fundi, macho kwenye kalenda ya mwaka uliopita iliyosahaulika ukutani. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimshika namna ile, kama mwili wenye uzito na mifupa. Ilikuwa likizo, binti yake alipomrukia mgongoni stendi.

"Basi, shuka," alisema fundi.

"Hebu nipime tena."

"Ya nini?"

"Ili uwe na uhakika."

"Mimi uhakika ninao," alisema fundi akitoa pini mdomoni. "Asiye nao ni wewe. Shuka, kuna mtu na gauni la harusi yake hapo nje."

Alipofika chumbani alimpigia simu binti yake. Baba wa binti huyo alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mume wa kwenye simu zaidi kuliko wa nyumbani, kwa hiyo mama na mwana walizoea kuongea wao wawili.

"Mama mkubwa anasema ukirudi uvae hiyo suruali ya mazoezi aione kwa macho yake, ndipo afe kwa amani," alisema binti.

"Mwambie aendelee kuishi, suruali bado iko kwa fundi."

"Mtihani ni kesho kutwa?"

"Ee."

"Nani anakushika?"

"Kijana mmoja. Mpole, mwenye adabu."

"Anakushika vizuri lakini?"

"Ananishika kwa heshima."

Binti alicheka, kisha akaacha. "Mama, hiyo heshima itakuvunja shingo."

Wakaongea mambo mengine, sabuni, viatu vya shule, paka wa jirani aliyezaa kabatini. Simu ilipokatika, chumba kilirudi kuwa kimya kama kilivyokuwa. Akatazama zile alama mbili za visigino ukutani. Jioni hiyo hakufanya mazoezi.

Jumatano aliwahi ukumbini. Mlingoti alikuwapo tayari, anatandika magodoro peke yake. Aliposikia hatua alijinyoosha haraka, urefu wake wote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Acha hilo godoro kwanza, nataka tuseme."

Aliacha. Akaweka mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Kesho ukinishika kama jana, naanguka. Nikianguka narudia mwaka. Unalijua hilo?"

"Nalijua, shangazi."

"Sasa kwa nini hunishiki?"

Mlingoti alitazama vidole vyake vya miguu, vilivyokuwa mbali sana huko chini. "Shangazi, wewe unalingana na mama yangu. Mguu wako nikiushika, naona kama namkosea mtu. Mikono inakataa yenyewe. Siyo kwamba sitaki."

"Mwenzio yule mnene unamshika."

"Yule namshika hata masikio."

Shangazi alikaribia kucheka. Akatayarisha maneno ya kumwelimisha, ya mwalimu wa miaka mingi, kwamba mazoezi ni kazi kama kazi nyingine, kwamba hata fundi cherehani humshika mteja. Lakini kijana hakuwa amemaliza. Masikio yake yalikuwa yamepata moto kwa aibu, akajikaza.

"Na wewe pia, shangazi, usikasirike. Wewe pia hunishiki."

"Mimi?"

"Unanibeba. Kabla sijafika juu umeshanikumbatia mapaja, kama unanipakata. Sijawahi hata siku moja kujua kama naweza kusimama, kwa sababu hujawahi kuniacha nikayumba. Nilitaka kukuambia tangu muhula uliopita. Nikaona nitakuvunjia heshima."

Shangazi aliyaacha maneno yake ya mwalimu. Alikaa kwenye ukingo wa godoro. Akayaona mambo yake yote ya mwaka ule: pini za akiba mkobani, vidonge vya kichwa, sindano na uzi, "njoo mwanangu nikushonee", "kunywa maji kwanza mwanangu". Walimjia kwa hayo, naye alifurahi wakimjia. Alikuwa analaumu nafasi ya watu watatu kwenye benchi, na kumbe mpimaji mmojawapo wa nafasi hiyo alikuwa yeye.

"Vua viatu," alisema mwishowe.

"Nimevua, shangazi."

Alikuwa amevua kweli. Raba zake kubwa zilikaa pembeni kama mitumbwi miwili. Shangazi alivua zake, akaziweka kando yake.

"Sasa sikia. Shikamoo iache hapo na viatu. Ukikanyaga godoro hakuna shangazi. Ukitoka, ukivaa, utaikuta palepale, hakuna atakayeiiba. Nami nitaliacha neno mwanangu hapohapo. Sawa?"

"Sawa, shang..." Akajiuma ulimi. "Sasa nikuite nani?"

"Huna haja ya kuniita. Nitakuwa kichwa chini, sitasikia."

Walianza. Mara ya kwanza Mlingoti alimshika kwa nguvu mno, akamkaba muundi utadhani amemkamata mwizi. Mara ya pili alimshika, akamwachia kidogo, naye mgongo ukapinda kwa mazoea, visigino vikatafuta ukuta ambao haukuwapo. Akapita juu, akaporomoka upande wa pili na kutua kwa makalio.

"Umeanguka kama gunia la viazi!" alisema Mlingoti, kicheko kikamtoka kabla hajajua. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka.

Wale wengine walikuwa wameanza kuingia. Walisimama mlangoni wakisubiri radi ishuke.

Shangazi alikuwa chini, mguu mmoja huku mwingine kule. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo hayakuwa yote ya kicheko, ila hakuna aliyekuwa na haja ya kujua. "Viazi vyenyewe vimeoza," alisema alipopata pumzi. "Haya, tena. Na mbavu, usiniachie mbavu zichanue. Nikipinda nipige kiganja tumboni."

"Nipige?"

"Piga, bwana!"

Akapiga. Walirudia hadi mikono ya wote wawili ikachoka.

Alhamisi mvua iliyokuwa ikitishia wiki nzima ilinyesha asubuhi, na ukumbi ukanuka bati lililoloa na jasho. Mtahini alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alikaa kwenye meza ndogo, akaita jozi moja baada ya nyingine. Ilipofika zamu yao, alimtazama Shangazi, akamtazama Mlingoti, akageukia karatasi zake.

"Samahani. Huyu ni mkufunzi msaidizi?"

Shangazi alifungua mdomo. Mlingoti akamtangulia. Miguu yake ilikuwa tayari juu ya godoro, mitupu.

"Hapana, mzee. Huyu ni mwenzangu."

Hakulisema kwa sauti kubwa. Mtahini aliandika kitu, akaashiria waanze.

Shangazi akaweka viganja chini. Akarusha mguu. Mkono ukamfika pajani, mwingine kwenye muundi, imara, bila kuomba radhi. Kiganja kikamgusa tumbo, akakumbuka mbavu, akazifunga. Halafu mikono ile ikamwacha. Hakuna ukuta, hakuna mtu. Damu ikavuma masikioni, sakafu ikawa dari. Alisimama kwa muda wa pumzi moja ndefu, na katika pumzi hiyo hakuwa shangazi wa mtu wala mama wa mtu. Alipoanza kuyumba mikono ilimdaka, ikamshusha.

Wakabadilishana. Hii ndiyo sehemu aliyoiogopa zaidi. Miguu ya Mlingoti ilipanda, ikapanda, ikaendelea kupanda, na mikono ya Shangazi ikaruka kutaka kumkumbatia mapema kama ilivyozoea. Aliizuia. Akamtazama kijana akiyumba mbele, akiyumba nyuma, kila kuyumba kukimchoma yeye moyoni, akasubiri. Mlingoti akatulia peke yake, mrefu, mnyoofu kutoka viganja hadi vidole vya miguu. Kisha akazidi kwenda upande, naye ndipo akamshika, kwa nguvu, mahali panapotakiwa.

Mtahini aliandika, akaita jozi nyingine. Jozi zote zilipokwisha, mkufunzi alimfuata Shangazi kwenye ngazi, akainamisha kichwa kama anayetoa siri.

"Mama, hutarudia mwaka. Mengine utayaona kwenye matokeo."

Alishukuru. Alikaa kwenye ngazi hiyo kwa kitambo, mikono magotini. Ndani vijana walikuwa wanavaa viatu kwa kelele. Mvua ilikuwa imekatika na kila kitu nje kilikuwa kinadondoka maji. Walitoka kwa pamoja, wanaenda kunywa soda, wanasukumana, mmoja amebeba mkoba wa mwingine kichwani. Walipofika kwake waligawanyika wawili upande huu, watatu upande ule, kumpisha.

"Shikamoo, shangazi. Hongera, shangazi."

"Marahaba. Hongereni, jamani."

Mlingoti alikuwa wa mwisho. Raba zake zilikuwa miguuni, zimefungwa kamba barabara. Alisimama mbele yake, akasita, akatazama wenzake waliokuwa wanamwita kutoka getini.

"Shangazi, nikusaidie mkoba?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema, "Na mimi nina kiu." Maneno yalikuwapo, alikuwa ameyashika.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nenda, wanakusubiri."

Akaenda, hatua zake ndefu zikivuka madimbwi bila kuruka. Shangazi aliwatazama mpaka walipopinda kwenye kona ya maktaba. Njiani alimpigia binti yake. Binti alipiga kelele hadi mama mkubwa akaja kuuliza nani amekufa. Kisha salio likaisha, akatembea njia iliyobaki, viatu vikiingia maji.

Ijumaa, asubuhi iliyofuata, kulikuwa na jua kali. Aliamka, akachota maji ya sabuni kwenye ndoo, akapanda juu ya stuli na kuanza kusugua zile alama mbili za visigino. Ya kulia ilitoka upesi. Ya kushoto ilikuwa imeingia ndani ya rangi. Alisugua hadi mkono ukamchoka, ikafifia, haikufutika. Fundi cherehani alipita dirishani na pasi yake mkononi, akasimama.

"Sasa unafua ukuta?"

"Nautoa uchafu, mwenye nyumba."

"Suruali ilikaa?"

"Ilikaa vizuri."

Fundi akaenda zake. Shangazi alishuka, akamwaga maji ya uchafu kwenye mfereji, akarudi, akakisukuma kitanda mpaka kikagota ukutani mahali pake pa zamani. Katikati ya chumba palibaki wazi. Akatandika shuka, akachukua raba zake, na badala ya kuzivaa akazibeba mkononi, akatoka peku, kama anayeelekea godoroni, kwenda kuwahi benchi la kantini kabla halijajaa.